Vitanda Viwili Juu ya Atlantiki

Wajukuu zangu, kila Jumapili baada ya misa mnakuja hapa kwangu Kinyinya, mnakunywa chai yangu, kisha mnatoa simu na kuniuliza swali lile lile: bibi, siri ya kupata tiketi ya bizinesi, ile ya kiti kinacholazwa kuwa kitanda, kwenda Amerika kwa bei nafuu ni ipi? Nashukuru kwamba mnanikumbuka. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza siri ya kumaliza rozari bila kusinzia, na hiyo ningewapa bure.

Basi nimeamua kuandika, ili mkija Jumapili tuzungumze mambo mengine.

Nilikata tiketi maisha yangu yote ya kazi, katika ofisi moja ya wakala katikati ya mji, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, nikasomeshwa na masista, nikafundisha katekisimu miaka kadhaa kabla ya kuja Kigali. Nasema hivyo ili mjue kwamba niliingia kazini nikiwa nimeshazoea kuamini mambo nisiyoyaona. Nauli za ndege hazikunipa shida.

Aliyenifundisha ni Mzee Anselmi, Mungu amlaze pema. Alikuwa na koti moja la kijivu na kalamu mbili, na alijua kwa moyo herufi tatu za kila uwanja wa ndege duniani, kama mnavyojua nyie majina ya wachezaji. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza mteja, "Unakwenda wapi?" Mzee Anselmi akanivuta pembeni.

"Konsolata, anakokwenda kila mtu anakujua, hata shemeji zake wanakujua. Mwulize anaanzia wapi."

Hilo ndilo somo la kwanza, nanyi mmelipata bila kusimama mwaka mzima nyuma ya koti la kijivu. Bei ya tiketi haiangalii umbali. Inaangalia mwanzo wa safari. Ndege ile ile, kitanda kile kile, kikombe kile kile cha kahawa: anayeanzia Entebe au Bujumbura anaweza kulipa pungufu sana kuliko wewe wa Kigali, hata kama atapitia uwanja wetu hapa hapa Kanombe na kupanda ndege unayoipanda wewe. Msiulize kwa nini. Mimi niliuliza mara moja, Mzee Anselmi akanijibu kama padre wangu alivyonijibu kuhusu Utatu: kubali kwanza, utaelewa mbinguni.

Lakini somo hilo lina mkia, na mkia huo ulimpiga kijana mmoja wa Busanza, mtu mwerevu kweli, maana aliniambia mwenyewe kwamba ni mwerevu. Alijinunulia tiketi kwenye mtandao, kitanda mpaka New York, kuanzia Entebe. Nauli ilikuwa ya kumshukuru Mungu. Ila Entebe hakwenda. Alilala kwake Busanza, akaoga, akaja Kanombe kudandia kipande cha pili. Kesho yake alikuwa ofisini kwangu na sanduku lake.

"Mama, wameniibia."

"Nani kakuibia?"

"Jina langu halipo. Nimelipa safari nzima, nimeacha kipande kidogo tu, wamefuta yote."

"Hawakukuibia, mwanangu. Walikusubiri Entebe hukutokea, wakadhani umekufa."

"Si wangenipigia simu?"

"Marehemu hapigiwi simu."

Tiketi inasaliwa kama rozari: huruki fumbo la kwanza ukaanza na la pili. Ukikosa kipande cha kwanza, vilivyobaki vinakufa vyote, na kurudi pia kunakufa. Anayetaka bei ya Entebe apande basi, aende Entebe. Safari ni ndefu, lakini unafika ukiwa na muda mwingi wa kutafakari ule werevu wako.

Sasa najua mtaniambia kuhusu yule jamaa wa kwenye video. Kila Jumapili naonyeshwa jamaa wa kwenye video. Amevaa miwani ya jua ndani ya ndege, anasema: nunua tiketi mbili tofauti, ya kwanza ikufikishe mji fulani wa Ulaya, toka, lala hotelini, kesho yake panda kitanda cha bei nafuu kuvuka Atlantiki. Ni mafundisho mazuri sana. Kasoro yake ni moja tu. Jamaa huyo ana pasipoti inayofungua milango kama funguo za Mtakatifu Petro, na yako inabisha hodi na kusubiri. Tiketi mbili tofauti maana yake utoke, uchukue mzigo, uingie tena. Kutoka ni kuingia nchi ya watu, na kuingia nchi ya watu ni viza. Nimewaona wenye vitanda vya bei nafuu wakilala kwenye viti vya chuma vya uwanja wa ndege, wakirudishwa nyumbani na ndege ya kwanza, nyuma kabisa. Kabla hujaangalia bei, angalia utakapopita. Na ukiweza, safari nzima iwe kwenye tiketi moja, ili ndege ya kwanza ikichelewa, wenye ndege wahangaike wao. Ni raha ndogo ya dunia hii, nayo si dhambi.

Mengine ni madogo. Vitanda vinashuka bei wenye suti wanapokwenda likizo: Agosti, Krismasi, Pasaka. Hapo mashirika yanatukumbuka sisi wengine kwa upendo wa ghafla. Pia jueni kwamba kutoka Ulaya kwenda Amerika unaruka mchana, ila kurudi unaruka usiku. Mwenye afya na magoti mawili mazima alipie kitanda wakati wa kurudi tu, na kwenda akae na watu. Wateja wangu wengi hawakutaka kusikia hilo. Walitaka kitanda cha mchana ili wapigwe picha kukiwa na mwanga.

Fundi mmoja wa samani wa pale Gisozi alialikwa maonyesho Marekani, wenyeji wakamlipia bizinesi. Aliporudi nikamwuliza ilikuwaje. Alikuwa amekipima kitanda kwa futi yake ya mkononi, akakigonga pande zote, mhudumu akadhani anaumwa.

"Mama, kile kitanda hakina ubao hata mmoja. Plastiki tupu na kitambaa. Kwa hela ile mimi nakutengenezea cha mninga, na asubuhi hakuna atakayekwambia ushuke."



Nikija kwa Donat, hapo nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wenu mtaoa na mtaolewa.

Katika mwaka wangu wa mwisho kazini alinijia Felisita, mjane wa Gisozi, tunayeimba naye kwaya. Binti yake Alisi alikuwa Montreal kwa masomo, na mimba yake ya kwanza ilikuwa ngumu. Alilazwa, madaktari wakamkataza hata kusimama kwenda dirishani. Felisita alitaka awe pale mwanawe akijifungua, kama mama yeyote wa kwetu. Tatizo lilikuwa mguu. Mwaka uliotangulia damu iliganda ndani yake, nusura afe. Daktari wa hapa alimruhusu kuruka kwa sharti moja: asikae amekunja mguu safari ndefu, alale aunyooshe. Akikaa wima saa zote zile, alisema daktari, hawajibiki. Kwa hiyo kwake kitanda hakikuwa cha kupigia picha. Bila kitanda angebaki Gisozi, na Alisi angezaa peke yake kati ya wageni.

Wa kumsindikiza alikuwa mkwe wake, Donat, mume wa Alisi, mhandisi aliyekulia Bujumbura na kufanya kazi hapa Kigali. Walikuja ofisini pamoja. Yeye Felisita alikaa mbele ya meza yangu. Donat alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akatazama kalenda ukutani.

Nyie siku hizi mnawakumbatia mama wakwe zenu na kuwaita kwa majina ya utani. Mungu awabariki. Sisi wa zamani, mkwe na mama mkwe wanapendana kwa mbali. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na kulala mahali pamoja ni jambo lisilo na hata jina, maana hakuna aliyewahi kulihitaji.

Familia yao ilikuwa na kundi la simu, nalo lilikuwa limeshatoa ushauri wote wa dunia, pamoja na yule jamaa wa miwani. Mimi nikatafuta kwa njia yangu. Kitanda kimoja cha mama na kiti kimoja cha nyuma kwa Donat vilikuwa juu ya uwezo wao. Lakini shirika moja lilikuwa na nauli ya wawili, vitanda viwili kwa wasafiri wanaokwenda na kurudi pamoja, na ilikuwa chini kuliko kitanda kimoja na kiti kimoja. Msiulize kwa nini. Nimeshawaambia kuhusu Utatu.

"Mama Konsolata," akasema Donat kutoka mlangoni, "mwambie mama iko nauli ya watu wawili."

"Amesikia, Donat. Yuko hapa."

"Mwambie tu."

Nikamwambia. Felisita akafikiri, akainama kwangu.

"Mwulize kama hivyo vitanda viko pamoja."

"Hajui yeye, anayejua ndege ni mimi. Viko mbalimbali. Wewe safu ya kwanza dirishani, yeye safu ya mwisho upande wa pili. Kila kimoja kina ukuta wake."

"Ukuta una urefu gani?"

"Ukilala, hata malaika wako mlinzi itabidi akutafute."

"Na choo?"

"Wewe cha mbele, yeye cha nyuma."

Donat akaitikia kwa kichwa huku akitazama kalenda. Ningemwambia asiende chooni mpaka Kanada, angeitikia vile vile.

Nikakata tiketi. Wakaondoka. Mpaka Ulaya kila kitu kilikwenda vizuri: Felisita alilala, akaamka akatembea kidogo, akalala tena. Donat hakukilaza kiti chake hata nukta moja. Aliniambia baadaye aliogopa mama mkwe asije akapita akamkuta mdomo wazi.

Asubuhi nimefungua ofisi, simu ikalia. Donat, kutoka uwanja wa kubadilishia ndege, anaongea kama mtu aliye kanisani.

"Mama, wametubadilishia ndege. Ile yetu imeharibika, wameleta ya zamani. Vitanda viko viwili viwili, ubavu kwa ubavu. Katikati hakuna ukuta, kuna mahali pa kikombe."

"Na mmewekwa wapi?"

"Pamoja."

Nikafungua kompyuta. Mbele kumejaa, hakuna nafasi hata ya mtume.

"Mama mkwe wako amesemaje?"

"Amemwambia mhudumu, si mimi. Yule anayemsukuma kwenye kiti cha magurudumu, hajui hata Kiswahili. Amesema atakaa wima mpaka Montreal. Ati Bwana Yesu alivumilia zaidi."

"Na mguu?"

"Umeanza kuvimba, mama. Nimeuona alipovua kiatu."

Hapo nikaacha utani. Nikamwambia: mtakapoingia, waombe majirani mbadilishane. Akakata simu. Nami nikashika rozari chini ya meza, mteja mmoja wa tiketi ya Dubai akanisubiri bila kujua anasubiri nini.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Safu ya mbele yao walikuwa bwana na bibi harusi waliokwisha kushikana mikono. Safu ya nyuma, mzee mmoja alikuwa amemeza kidonge chake cha usingizi kabla ndege haijaondoka, na kando yake mkewe, ambaye alisema hawezi kumwacha maana hukoroma na ni yeye peke yake anayejua kumgeuza. Upande wa pili hakuna aliyeinua macho kutoka kwenye skrini. Felisita aliketi kwenye ukingo wa kitanda kilichogharimu mchango wa ukoo mzima, mgongo umenyooka kama yuko mbele ya askofu, mkoba magotini. Ndege ikapaa. Taa za mikanda zikazimwa, watu wote wakabonyeza vitufe wakalala. Yeye hakubonyeza.

Donat akasimama, akamwendea mhudumu, naye mhudumu akamwuliza:

"Bwana, kuna tatizo na kitanda?"

"Kitanda ni kizuri. Kiko karibu mno."

"Karibu na nini?"

"Na mama mkwe wangu. Hawezi kulala nikiwepo, na daktari amesema lazima alale. Nyuma iko nafasi?"

Mhudumu akasema ipo moja, ya katikati, karibu na vyoo, na hana njia ya kumrudishia tofauti ya nauli.

"Sijaomba tofauti."

"Watu huniomba kutoka kule kuja huku, bwana. Kutoka huku kwenda kule, wewe ni wa kwanza."

Akachukua koti lake, akampita mama mkwe bila kumtazama, akaenda. Felisita alingoja pazia lifungwe. Akasali kidogo. Kisha akaweka mkoba wake juu ya kitanda cha Donat, akabonyeza kitufe, akanyoosha mguu. Hivyo ndivyo mkoba wa mama mmoja wa Gisozi, wenye Biblia na kipande cha sabuni, ulivyovuka Atlantiki umelala, na mhandisi mwenye kitanda hicho akavuka amekaa katikati ya watu wawili wanene, magoti kifuani.

Montreal Felisita alishuka anatembea. Uvimbe ulikuwa umetulia. Alisi alijifungua juma lile lile, mtoto wa kike, kwa shida, akiwa amemshika mama yake mkono. Sitasimulia zaidi, maana si yangu. Nasema tu kwamba Mungu ashukuriwe, na ashukuriwe tena.

Felisita alinipigia baadaye.

"Ulilala?" nikamwuliza.

"Usingizi wa pono. Waliniamsha wanipe chakula nikawafukuza."

"Na Donat?"

"Alikuwa na shughuli zake huko nyuma." Akashusha sauti. "Konsolata, watu husema nina mtoto mmoja. Yule wa pili nimemzaa mimi, ila sikumbuki siku."

Hajawahi kumwambia mwenyewe, na hatamwambia. Mnadhani heshima ni kitu cha kuropoka?

Miezi mitatu baadaye Donat alinipigia kuhusu kurudi. Alisi alikuwa amemaliza masomo, wanarudi wote, naye Alisi ana tiketi yake ya mwanafunzi, kiti cha nyuma. Kurudi ni safari ya usiku, na mtoto mchanga.

"Mama, kitanda changu kiandike jina la Alisi. Awe kando ya mama yake. Mimi niweke kwenye kiti chake."

"Jina halibadiliki kwenye tiketi, Donat. Hata Papa akiomba."

"Basi nishushe mimi nyuma, umpandishe yeye."

Nikajaribu. Kompyuta ikafikiri kwa muda, ikanijibu kwamba akitaka kutoka kitandani kwenda kwenye kiti atavunja nauli ya wawili, na kwa kuivunja inampasa aongeze pesa. Nikaisoma mara ya pili kwa sauti, kwa faida ya roho yangu. Nimeishi na mafumbo mengi ya imani, lakini lile la mtu kutozwa fedha kwa kunyenyekea sikufundishwa Karagwe.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Ulifanya nini kwenda?"

"Nilisimama nikaondoka."

"Basi."

Siku ya kurudi nilikwenda Kanombe kuwapokea, pamoja na nusu ya kwaya. Ilikuwa jioni. Alitangulia Felisita, anatembea mwenyewe, amevaa mkufu mpya. Akafuata Alisi, uso umetulia, mtoto amelala kifuani. Wanawake wakawazunguka, wakaanza kuimba, mtoto akapita mikononi mwa watu kumi kabla sijamwona pua. Kisha, mbali nyuma, akaja Donat na masanduku yote, shingo imekwenda upande mmoja, hairudi.

"Karibu nyumbani, abiria wa bizinesi," nikamwambia. "Hebu waeleze hawa wanakwaya. Kitanda chenyewe kikoje?"

Akaacha mzigo, akajaribu kugeuza kichwa kunitazama, ikashindikana, akageuka mwili mzima.

"Wanasema ni kizuri," akasema.